Nyumba Zenye Wenyewe: Maneno ya Usiku na Kumbukumbu katika Mji Mkongwe wa Unguja

Katika makala haya nimekusudia kueleza maneno machache wayatumiayo watu wa Mji wa Unguja wasimuliapo habari za usiku na za nyumba zinazoogopwa. Si kusudi langu kuthibitisha kuwa majini wamo ama hawamo. Jambo hilo nawaachia wanaolijua. Nataka kuonyesha ya kuwa sarufi ya masimulizi hayo imebeba historia ya mji, na ya kuwa yatupasa kuikusanya mapema. Haja hiyo imezidi tangu tarehe 25 Desemba 2020, siku ilipoporomoka sehemu kubwa ya jumba la Beit al-Ajaib, na watu wawili waliokuwamo kazini wakafa. Mawe yakianguka, mafundi waweza kuyapanga tena. Maneno yaliyozoea kusemwa mbele ya mawe hayo yakipotea, hakuna wa kuyarudisha.

Nianze na msemo ulio mashuhuri kuliko yote. Mtu wa mjini hasemi kwa kawaida, "Nyumba ile ina majini." Kulitaja jina ni kuita, na usiku hata nyoka hatajwi kwa jina lake, huitwa kamba. Husema, "Nyumba ile ina wenyewe," au kwa kifupi zaidi, "Pale pana wenyewe." Neno hili, kama ajuavyo msomaji, lina maana mbili zilizo karibu: husisitiza nafsi, kama tusemapo "wao wenyewe," na hutaja wenye kumiliki, kama tusemapo "wenyewe wamesafiri." Katika msemo wetu ni hii maana ya pili itumikayo. Asiyeonekana ndiye mwenye nyumba, na aonekanaye, mwenye hati na ufunguo, ni mgeni wake tu, naye hana budi kupiga hodi hata mlango ukiwa wazi. Nilipokuwa mtoto bibi yangu alitufundisha kutoa salamu tuingiapo katika ukumbi mtupu, na tulipouliza twamsalimu nani, alijibu, "Wenyewe," wala hakuongeza neno.

Maneno mengine ya mlango huu nayo yafaa kutazamwa kwa ngeli zake. Mzimu, ijapokuwa huhesabiwa kuwa ni roho ya aliyekufa, wingi wake ni mizimu, si wazimu. Yaani umewekwa pamoja na mti, mto na moto, vitu vyenye nguvu visivyo watu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaueleza mzimu kuwa ni mahali pa kutolea sadaka kwa ajili ya roho za wafu. Basi neno moja latumika kwa roho na kwa pahali pake. Mzuka watokana na kuzuka, maana ni kitu kitokeacho ghafula. Mahame yatokana na kuhama: gofu halikupewa jina kwa sababu ya kuanguka kwake, bali kwa sababu ya watu waliolitoka. Kwa maneno haya, pahali hukumbuka waliopakaa, na hofu ya pahali ni hofu ya waliokwisha kuondoka.

Sasa tuyatazame majumba yenyewe. Kando ya bahari, upande wa Shangani, lipo jumba la katikati ya karne ya 19 liitwalo Mambo Msiige, ambalo leo ni sehemu ya hoteli. Jina hili ni sentensi nzima: mambo ambayo msiyaige. Kitenzi kina kiambishi m- cha nafsi ya pili wingi, na shauri lote limo katika herufi hiyo moja. Anayeambiwa "msiige" ni nani? Wako wasimuliao ya kuwa chokaa ya jumba hilo ilichanganywa na ute wa mayai, hesabu isiyojulikana, na kwamba mwenye nyumba aliwaambia matajiri wenzake wasijisumbue kushindana naye. Hapo m- ni ya majivuno. Wako wengine wasimuliao ya kuwa watu walizikwa hai katika kuta, na kwamba jina ni onyo kwa kila apitaye. Hapo m- ni ya kilio, na inatuhusu sisi sote. Sina ushahidi wa mayai wala wa maiti. Lakini naona ya kuwa jina moja limewatosha wenye nyumba na waliobeba mawe, kila mmoja akalisoma kwa upande wake.

Habari ya Beit al-Ajaib ni ya namna hiyo hiyo. Jumba hili lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, nalo ndilo la kwanza Unguja kupata umeme. Husimuliwa ya kuwa chini ya nguzo zake walizikwa watumwa ili jengo lipate kusimama imara, na usiku husikika minyororo ikiburutwa. Mwanahistoria ataitaka kwanza hesabu ya miaka. Mapatano ya kufunga soko la watumwa la Unguja yalitiwa sahihi mwezi wa Juni 1873. Hali ya utumwa ilikuja kuondolewa katika sheria mwaka 1897. Jumba basi lilipanda katikati ya tarehe hizo mbili, wakati soko limefungwa na mtumwa angali mtumwa. Masimulizi ya mazishi si ushahidi kuwa mazishi yalikuwapo. Ni ushahidi wa jambo jingine: ya kuwa watu wa mji hawakukubali kulitazama jumba hilo pasipo kuwafikiri waliolijenga, ambao hakuna kibao kilichowataja.

Msomaji ataona ya kuwa nimesema "husimuliwa" na "husikika." Sikuyachagua maneno hayo, ndivyo wasemavyo wasimulizi, na hapa ndipo penye kiini cha shauri langu. Kiambishi hu- ni cha pekee katika vitenzi vyetu. Hakichukui nafsi, wala hakitaji siku. "Alisikia" yataka mtu na wakati. "Husikika" haitaki lolote katika hayo. Ukiongeza kutendwa, kama katika "walizikwa," aliyezika naye hutoweka. Kwa sarufi hii mtu aweza kusimulia dhuluma kubwa pasipo kumtaja mdhulumu wala mdhulumiwa. Yafaa tukumbuke ya kuwa katika mji huu wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa waliishi mtaa mmoja, wakasali msikiti mmoja, wakaoana. Lugha iliwapa njia ya kulikumbuka jambo pasipo kushtakiana mlangoni.

Usiku, hata hivyo, haukuwa wa hofu peke yake. Kitenzi kukesha chatumika kwa harusi, kwa maulidi, kwa mgonjwa na kwa maiti; na neno dungumaro ni jina la pepo na pia ni jina la ngoma yake. Furaha na hofu zilikaa nyumba moja. Chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905, na ng'ambo ya pili ya hori iliyokuwa ikiutenga Mji Mkongwe, katika mitaa iitwayo Ng'ambo hata leo ijapokuwa maji yamekwisha kufukiwa, aliimba Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa watumwa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Na mwaka huo huo Siti alikwenda Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri kwa Kiunguja hicho hicho.

Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mwanamke mgeni aliyeuawa baada ya kutoka usiku kwenda ngomani. Muuaji alikimbilia bara, na waliokwenda kushuhudia ndio waliohukumiwa. Wimbo huo hautumii njia ya hu-. Wamtaja mtu, waitaja hukumu. Basi mji ulikuwa na njia mbili za kuuhifadhi usiku wake: hadithi ya nyumba, iliyoficha majina, na wimbo, uliothubutu kuyasema.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 wengi wa wenye majumba ya mawe waliondoka au waliondolewa, na jamaa nyingine zikaingizwa vyumbani. Tangu hapo msemo wa "nyumba ina wenyewe" umepata tabaka la pili. Huweza kumaanisha majini. Huweza kumaanisha watumwa wa zamani, ambao hawakumiliki hata miili yao, na sasa katika lugha wamepewa nyumba. Huweza pia kumaanisha waliohama na ufunguo. Msimulizi hasemi ni wapi kati ya hao, wala si adabu kumwuliza.

Kwa hayo yote nawaomba wenzangu wakusanyao masimulizi ya mjini wayaandike kama yasemwavyo, wala wasiyasahihishe. Palipo na hu- pasiwekwe "ali-", palipo na "wenyewe" pasiwekwe "mashetani." Kila badiliko la namna hiyo humwondoa mtu aliyefichwa humo makusudi. Na kwa wale wawili waliokufa chini ya Beit al-Ajaib mwaka 2020 nina ombi la kinyume. Wao wana majina, na tarehe yao yajulikana. Jumba litakaposimama tena, majina hayo yaandikwe mahali pa kusomwa mchana, ili wajukuu wetu wasije wakaambiwa tu ya kuwa usiku, pale chini ya nguzo, husikika watu wakifanya kazi.