JE, CHAMBO KINACHOWAKA KINALETA SAMAKI WENGI?

Katika ukurasa huu wa sayansi tunataka kujibu swali linalozunguka kati ya wale wanaokwenda kuvua siku ya Jumamosi. Kuna chambo cha bandia, yaani kisamaki cha plastiki chenye ndoana, ambacho wauzaji wanakisifu kwamba kina rangi ya UV ao kwamba kinawaka gizani. Kwa bei ya kimoja unaweza kupata ndoana nyingi za kawaida. Mwanafunzi anayevua ili apate franga za daftari, na mama anayengoja kitoweo cha jioni, wana haki ya kujua: nuru hiyo inamvuta samaki kweli, ao inamvuta mnunuzi tu?

1. Tusichanganye mambo

UV ni kitu kimoja, kuwaka gizani ni kitu kingine. Katika masomo ya fizike tunajifunza kwamba jicho la mtu linaona nuru ya nanometa 400, ambayo ni zambarau, mpaka nanometa 700 hivi, ambayo ni nyekundu. Chini ya 400 kuna miali ya ultravioleti, ndiyo hiyo UV. Jua linaitoa, ngozi inaungua nayo, lakini macho yetu hayaioni.

Na UV yenyewe ina namna mbili. Rangi nyingine inarudisha miali hiyo vile ilivyokuja, kama kioo. Sisi hatuoni kitu, lakini mnyama mwenye jicho la kuiona ataona. Rangi nyingine inameza UV na kutoa nuru ambayo sisi wote tunaiona. Mfano tunao sokoni: mbadilisha feza akiweka noti ya dola 20 chini ya taa yake ya zambarau, uzi ulio ndani ya noti unawaka kijani; ule wa dola 100 unawaka waridi. Akizima taa, uzi nao unazimika palepale.

Chambo kinachowaka gizani ni tofauti. Ndani yake kuna unga wa salfidi ya zinki, ao aluminati ya stronti inayotumika tangu miaka ya 1990. Unga huo unaweka nuru akiba, kisha unaitoa polepole. Lakini ile nguvu ya kwanza inapunguka upesi, ndiyo sababu mvuvi anakimulika tena na tena kwa tochi.

Basi tushike neno hili: chambo cha UV kinaomba nuru ya jua iliyoingia majini, chambo kinachowaka kinakuja na nuru yake.

2. Maji yanakula nuru

Maji hayapitishi rangi zote sawasawa. Katika maji safi kabisa nyekundu ndiyo inakufa kwanza, katika mita chache za juu. Buluu inashuka mbali. Ziwa Tanganyika ni la namna hiyo. Mara nyingi kitu cheupe kinaonekana kikiwa kimeshuka mita 10 na zaidi.

Katika maji yenye udongo, ao yale ya mwituni yenye rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza, mambo yanageuka. UV na buluu ndizo zinakufa kwanza, na zinazobaki ni manjano na nyekundu. Katika maji ya rangi ya chai, UV inaweza kuisha kabla ya kufika mita moja.

Si maneno ya kitabu tu. Mwaka 1997 mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walionyesha jambo la ajabu juu ya samaki wa Ziwa Victoria. Kule kuna samaki ambao jike anamchagua dume kwa rangi yake, buluu ao nyekundu. Mahali maji yamechafuka, majike hawawezi tena kupambanua madume, na aina za samaki zinachanganyikana. Kama samaki mwenyewe anashindwa kumtambua mume wake katika maji machafu, ataionaje rangi ya plastiki?

3. Samaki anaona nini?

Ni kweli kwamba samaki wengine wanaona UV. Katika Ziwa Malawi kuna samaki wadogo wa ukoo wa tilapia wanaoiona, na inawasaidia kutambua vidudu vidogo sana vya majini wanavyokula. Trauti wa mito ya baridi anaiona akiwa mchanga, lakini akikua uwezo huo unapunguka. Na katika samaki wengi wakubwa lenzi ya jicho inazuia UV isiingie. Basi yule mkubwa tunayemtafuta kwa ndoana mara nyingi si yule anayeona vizuri UV.

Tena samaki wengi hawawindi kwa macho. Kambale anatafuta chakula usiku kwa harufu na kwa zile ndevu zake. Wale samaki wenye mdomo mrefu kama mkonga wa tembo, ambao wako wengi katika mito ya Kongo, wana kiungo karibu na mkia kinachotoa umeme mdogo. Kwa umeme huo wanapapasa njia gizani. Mambo hayo yalianza kujulikana mwaka 1951, Hans Lissmann alipoandika juu ya umeme wa samaki wa Afrika aitwaye Gymnarchus niloticus. Mbele ya samaki wa namna hiyo chambo kinachowaka hakina neno la kusema. Lakini mbenga, yule mwenye meno ya kutisha, anawinda kwa macho. Huyo anaweza kudanganywa na kitu kinachometameta.

4. Taa za Tanganyika na Kivu

Mtu atatuuliza: kama nuru haina kazi, juu ya nini wavuvi wa Uvira, Kalemie na Bukavu wanavua kwa taa? Swali zuri.

Tangu zamani watu wa Tanganyika waliwasha moto wa kuni kwenye mtumbwi usiku, wakachota ndagala kwa wavu wa mkono. Baadaye zikaja taa za petroli za kupigwa pampu, na sasa balbu za LED zenye betri na sahani ya jua. Katika Ziwa Kivu wanavua sambaza vilevile, kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na wavu unaoshushwa chini ya taa. Sambaza hao waliletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960.

Lakini angalieni namna inavyotendeka. Usiku vidudu vya maji vinapanda juu. Chini ya taa ndagala wanaviona, wanakula, wanabaki pale kwa makundi. Mukeke naye anafuata ndagala. Taa haiwavuti kwa uzuri wake, inawaonyesha chakula. Na inafanya kazi kwa sababu maji ni safi na usiku ni mweusi: mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wengi wanapumzika, maana nuru imetapakaa kila mahali.

Tena taa haizai samaki. Inakusanya wale waliopo. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika miezi mitatu, toka katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuongezeka.

5. Na huku Pangi?

Mto wetu wa Elila si Tanganyika. Mvua ikinyesha maji yanakuwa mekundu kwa udongo, na vijito vinavyooshewa kasiterite na zahabu vinachafuka hata wakati wa kiangazi. Katika maji hayo UV haifiki mbali. Kulipia rangi ya UV ni kulipia kitu ambacho mto utakimeza. Chambo kinachowaka kinaweza kusaidia kidogo jioni ao alfajiri, mahali maji yametulia na kuwa safi, kwa samaki anayewinda kwa macho. Kwa kambale, mnyoo wa udongo wenye harufu unashinda plastiki yote. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

6. Tujaribu wenyewe

Msituamini bure. Chukueni ndoana mbili za ukubwa mmoja, zote na mnyoo. Moja ifungieni kipande kinachowaka, nyingine hapana. Zitupeni mahali pamoja, zikiachana mita tatu. Kila nusu saa zibadilishane nafasi, ili mahali pazuri pasipendelee moja. Fanyeni jioni kumi, wawili wawili, wala si peke yenu mtoni. Pimeni na maji: shusheni sahani nyeupe kwa kamba mpaka isionekane, mwandike urefu. Padri Angelo Secchi alipima bahari ya Italia kwa namna hiyo mwaka 1865.

Kama mwishoni yenye kuwaka imepata samaki 12 na nyingine 11, hiyo ni bahati tu. Kama ni 20 kwa 5, tutaanza kuamini. Leteni daftari zenu kwa mwalimu wa bioloji, nasi tutaandika hesabu yote katika toleo linalofuata, ikipatana na maneno yetu ao ikiyapinga.