Pikipiki Haiwaki: Tufuate Njia ya Petroli



Siku hizi pikipiki imekuwa kama jembe la pili la mkulima. Inabeba mbegu. Inabeba maziwa. Inabeba gunia la mahindi mpaka mashineni. Usiku inampeleka mama mjamzito zahanati kwa njia ambayo gari halipiti. Basi pikipiki ikigoma kuwaka, hasara si ya mwenyewe peke yake.

Ikigoma, watu wengi huanza kukisia. Mmoja anasema plagi imekufa. Mwingine anasema injini imechoka. Mwenye pikipiki anatoa fedha, ananunua plagi mpya, na bado haiwaki. Kumbe ni takataka kidogo tu imeziba njia ya petroli! Leo tujifunze kutafuta kasoro hiyo bila kukisia.

PETROLI INAPITA WAPI?

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: petroli, hewa na cheche ya moto. Kimoja kikikosekana, haiwaki.

Katika pikipiki nyingi za vijijini, petroli haisukumwi na pampu. Inateremka yenyewe, kama maji ya mfereji. Inatoka katika tangi, inapita kwenye koki, inapita kwenye mpira, halafu inaingia katika kabureta. Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa. Mchanganyiko huo ndio unaoingia ndani ya injini na kuwashwa na cheche ya plagi.

Shamba la mfereji likikauka, mkulima hafanyi nini? Halimi shamba upya. Anaufuata mfereji kutoka juu mpaka aone palipoziba. Nasi tufanye vivyo hivyo.

KWANZA TUJIHADHARI

Petroli inawaka upesi kuliko mafuta ya taa. Mvuke wake hauonekani, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa chini kwa chini mpaka ukutane na moto. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka mjini Morogoro. Watu walikwenda kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Tusisahau jambo hilo.

Kwa hiyo:
- Fanya kazi nje, mchana, mbali na jiko. Usitumie kibatari wala kiberiti kuangalia ndani ya tangi.
- Ngoja injini ipoe.
- Mtu asivute sigara hapo, na watoto wakae mbali.
- Usivute petroli kwa mdomo. Ikiingia katika mapafu inaweza kuua. Mtu akiimeza, usimlazimishe kutapika. Mpeleke zahanati mara moja.

SASA TUANZE

1. Petroli imo? Fungua kifuniko cha tangi, uangalie. Usicheke. Wengi wamesukuma pikipiki mwendo mrefu kumbe tangi ni tupu. Angalia pia koki. Koki nyingi zina sehemu tatu: kufunga, kufungua, na akiba.

2. Plagi inasema nini? Fungua koki, piga kiki mara kadhaa, kisha toa plagi uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Endelea na hatua ya tatu. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, basi petroli inafika. Huenda imezidi, au cheche haipo. Plagi ikiwa nje, usipige kiki mahali penye petroli iliyomwagika. Cheche inaweza kuiwasha.

3. Petroli inafika mwisho wa mpira? Funga koki. Chomoa mpira pale unapoingia kwenye kabureta. Uelekeze kwenye chupa safi, kisha fungua koki. Petroli ikitoka vizuri bila kukatika, njia ya juu ni nzima. Nenda hatua ya sita.

4. Inatoka kidogo, halafu inakatika? Fungua kifuniko cha tangi. Ikianza kutiririka tena, kasoro ni kifuniko. Kifuniko kina tundu dogo la kupitisha hewa. Likizibwa na vumbi au tope, hewa haiingii, na petroli haishuki. Ni kama dumu la maji: ukitoboa tundu moja tu la chini, maji hutoka kwa shida. Ukitoboa na la juu, yanamwagika. Pikipiki yenye kasoro hii huwaka, hutembea kidogo, huzimika. Ukipumzika, huwaka tena. Safisha tundu hilo tu.

5. Haitoki kabisa? Weka koki kwenye akiba. Bado? Basi koki au chujio lake limeziba, au mpira umekunjika. Mwaga petroli yote katika chombo safi chenye kifuniko. Toa koki, osha chujio kwa petroli kidogo, urudishe. Hakikisha haivuji.

6. Kabureta ina maji? Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo. Ilegeze, ukinge kwa chupa nyeupe. Acha chupa itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini. Ukiyaona, mwaga yote, mpaka itoke petroli tupu. Mwaga na yaliyomo katika tangi, maana huko ndiko yalikotoka.

Kama petroli haitoki kwenye skrubu hiyo, na mpira unatoa vizuri, sindano ya boya imenasa. Ndani ya kabureta mna boya linalopanda na kushuka, nalo hufunga na kufungua petroli. Gonga bakuli polepole kwa mpini wa bisibisi. Mara nyingi huachia. Kama petroli inafurika na kumwagika nje, boya limetoboka au uchafu umezuia sindano isifunge. Funga koki, usiwashe, mwite fundi.

7. Inawaka kwa choki tu? Ukirudisha choki, inazimika. Hapo vitundu vidogo vya kabureta vimeziba. Mpe fundi avisafishe kwa kupuliza hewa. Asichokonoe kwa waya. Waya hupanua tundu, na pikipiki itakula petroli daima.

Pikipiki nyingine za siku hizi hazina kabureta. Zina pampu ya umeme. Hizo usizifungue. Zipeleke kwa fundi anayezijua.

UCHAFU UNATOKA WAPI?

Vijijini tunanunua petroli ya chupa na madumu. Dumu lililokaa wazi huingia vumbi na maji ya mvua. Basi, kabla ya kununua, itazame petroli kwenye mwanga wa jua. Imimine kwa kupitia chujio safi. Usisubiri tangi likauke ndipo ununue. Ukizoea kutembea kwa akiba, unavuta maji na takataka za chini ya tangi. Pikipiki ikikaa muda mrefu bila kazi, funga koki na umwage petroli ya kabureta, maana ikikaa huganda kama utomvu na kuziba vitundu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chujio dogo linaoshwa kwa dakika chache. Mgonjwa aliyekwama njiani usiku hana dakika hizo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Pikipiki inawaka, inatembea kidogo, inazimika. Tutaangalia nini kwanza?
2. Plagi kavu inatuambia nini? Plagi iliyolowa je?
3. Hapa kijijini petroli inauzwa na kuwekwa wapi? Je, iko mbali na moto na watoto? Tufanye nini?