Kabla hujampandisha mwanao Kilimanjaro, ijue njia ya kumshushia

Saa sita usiku, kituo cha Kibo, mita 4,720. Wenzetu wanawasha tochi za kichwani waanze safari ya kileleni. Binti yangu wa miaka 14 amejikunja kitandani, anatapika, na akisimama anayumba kama mlevi. Muongozaji alimtazama mara moja tu.

“Baba, tunashuka.”

Nilimsihi tungoje kuche. Nilikuwa nimedunduliza fedha miaka miwili kwa safari ile. Hakubishana nami; aliinama akaanza kumfunga mtoto kamba za viatu. Kuyumba kule, nilikuja kuelezwa, kunaweza kuwa dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, na kuchelewa kunaweza kuua.

Kosa lilianzia nyumbani, Manyamanyama. Tulifanya mazoezi Mlima Balili kila Jumamosi, nikaona mtoto ana pumzi kuliko mimi, nikadhani tumemaliza. Kumbe ugonjwa wa mwinuko haujali pumzi wala ujana. Mwili unahitaji siku za kuzoea hewa nyepesi, na siku hizo zinategemea njia uliyochagua.

Nilichagua Marangu kwa sababu ina mabanda na vitanda. Njia nyingine watu hulala kwenye mahema. Lakini tazama hesabu yake: usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720, wa pili Horombo, 3,720, wa tatu Kibo, 4,720. Kila siku mita elfu moja! Ndiyo maana wengi huongeza siku moja Horombo, wakapanda kidogo kuelekea Mawenzi kisha wakarudi kulala palepale. Mimi siku hiyo niliikata. Ada hulipwa kwa siku, na mfuko wa mzazi unaumia, lakini hapo si pa kubania.

Machame na Lemosho huungana upande wa magharibi, hupanda hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, kisha hushuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Umbwe nayo huingilia hapo. Ni fupi na kali, mtoto nisingempitisha. Watokao njia hizo tatu kwa kawaida hushukia Mweka. Rongai huanzia kaskazini, upande wa mpaka wa Kenya, na wengi wanaoipanda hushukia Marangu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize wakala: mtoto akiugua kambi hii, tunashukia wapi, na kwa saa ngapi? Marangu, pamoja na kasoro yake, hapo ina jibu zuri: unarudi kwa njia ileile uliyopandia, na ni pana.

Walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kwenda kileleni. Wapeleke Mandara na kreta ya Maundi kwa siku moja; ule msitu wenye mbega unawatosha kabisa.

Alfajiri tulifika Horombo. Kichwa kilikuwa kimeanza kumwachia. Aliomba chai, kisha akauliza kama wenzetu wameshafika kileleni.