Sauti Pekee Haitoshi

Nasikitika ninapowasikia walimu wenzangu wakidai kwamba kompyuta isomayo kwa sauti imeiondolea breli thamani. La hasha! Programu kama NVDA, iliyoanza mwaka wa 2006 na isiyolipiwa, ni neema kubwa. Hata hivyo, sikio halioni herufi. Mwanafunzi asiyeona atayatofautishaje "kua" na "kuwa" asipoyapapasa? Nukta sita alizozibuni Louis Braille mwaka wa 1824 humfunza tahajia na vituo.

Mwaka wa 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu vigeuzwe breli bila kumwomba idhini mwenye hakimiliki. Ruhusa tunayo, vitabu je? Wahenga walinena, chanda chema huvikwa pete. Hiki kisomacho kinadai kitabu tu.