Koo la Mtoto Leo, Moyo Wake Kesho

Leo nataka tuzungumze juu ya koo. Najua kuna wanaosema, "Koo tu, muuguzi?" Mtoto akiamka akilia kwamba koo linamuuma, wengi wetu humchemshia maji ya ndimu na tangawizi, tukamvalisha sweta nzito, akaenda shule. Na mara nyingi hakuna ubaya. Makoo mengi ya watoto huletwa na virusi vya mafua, nayo hupona yenyewe kwa siku chache.

Lakini liko koo la aina moja ambalo linaweza kupona kabisa, mtoto akarudi kucheza mpira, kisha wiki mbili au tatu baadaye mwili wake wenyewe ukaanza kuushambulia moyo wake. Hilo ndilo koo ninalotaka ulijue leo.

Linaletwa na kijidudu kiitwacho streptokoka. Si virusi, ni bakteria, na tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu bakteria huyu anauawa na dawa, tena dawa ya bei nafuu. Huenea kwa mate na kwa hewa ya kukohoa na kupiga chafya, hasa pale watoto wanapolala watatu kwenye godoro moja, au katika bweni ambalo vitanda vimebanana na madirisha hayafunguliwi. Watoto wa miaka 5 hadi 15 ndio wanaosumbuliwa zaidi. Mtoto wa chini ya miaka 3 huwa nadra.

Sasa, moyo unaingiaje hapa? Fikiria askari wa doria aliyeambiwa kwamba mwizi amevaa shati jekundu. Anatoka mbio, anamkamata mwizi kweli, lakini haishii hapo. Anaanza kumkamata kila mtu mwenye shati jekundu sokoni, hata muuza ndizi asiye na kosa. Kinga ya mwili wa mtoto hufanya vivyo hivyo. Inatengeneza silaha za kumpiga streptokoka kwa kuangalia umbo la ngozi yake ya nje. Kwa bahati mbaya, baadhi ya sehemu za kijidudu hicho zinafanana na sehemu fulani za moyo, za viungo na za ubongo wa binadamu. Kwa watoto wengine, kinga inashindwa kutofautisha. Kijidudu kimeshakufa zamani, lakini askari bado wako kazini, nao sasa wanampiga mwenye nyumba.

Magonjwa ya namna hii, ambapo kinga inageukia mwili wake, ni mengi, na wataalamu wanaendelea kuchunguza ni mangapi kati yake yanayoanzishwa na maambukizi ya utotoni. Mwaka 2022, kwa mfano, watafiti waliofuatilia wanajeshi wa Marekani kwa miaka mingi walionyesha uhusiano mkubwa kati ya kirusi kiitwacho Epstein-Barr na ugonjwa mmoja wa mishipa ya fahamu unaowapata watu wazima. Lakini kirusi hicho karibu kila mtu hukipata maishani, na mama hana dawa ya kukizuia nyumbani, kwa hiyo sitakukosesha usingizi kwa ajili yake. Ninazungumzia streptokoka kwa sababu huyu tunamjua, na tunajua la kumfanyia.

Ugonjwa unaofuata baada ya koo hilo unaitwa homa ya baridi yabisi. Jina hili limeleta mkanganyiko mkubwa. Nyanya akiugua magoti wakati wa mvua, tunasema ana baridi yabisi. Basi mtoto akiambiwa ana homa ya baridi yabisi, wazazi hudhani ni kitu kile kile cha wazee, na wanamtafutia mafuta ya kuchua. Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Hili la mtoto halitibiwi kwa mafuta.

Dalili zake ni hizi. Mtoto ana homa, na kiungo kimoja kinavimba na kuuma, mara nyingi goti. Kesho goti limepoa, lakini kifundo cha mguu kimeanza. Kesho kutwa ni kiwiko. Maumivu yanahama. Yanaweza kuwa makali hivi kwamba mtoto hataki hata shuka limguse. Wengine husema mtoto anarefuka, eti ni maumivu ya kukua. La hasha! Maumivu ya kukua hayavimbishi goti wala hayaleti homa. Baada ya wiki chache maumivu hayo huondoka, yakitibiwa au yasipotibiwa, na hapo ndipo wengi tunaponaswa. Tunadhani mtoto amepona, kumbe viungo vimeachiliwa lakini moyo haukuachiliwa.

Kuna dalili nyingine ambayo huchelewa, pengine miezi kadhaa baada ya koo, nayo huwapata wasichana zaidi. Mkono unarukaruka wenyewe. Mtoto anaangusha vikombe, uso unajikunja bila yeye kutaka, mwandiko uliokuwa mzuri unaharibika. Akilala usingizi, mikono inatulia. Shuleni anaadhibiwa kwa utundu, na nyumbani watu wanaanza kunong'ona kwamba amechezewa au ana pepo. Mama, mtoto wa namna hiyo hana pepo, wala si mtundu. Mpeleke hospitalini, na ukumbuke kumwambia daktari kama aliwahi kuugua koo.

Tuje kwenye moyo. Ndani ya moyo kuna milango midogo, ambayo wataalamu huita vali, inayofunguka na kufungika kila moyo unapopiga, ili damu iende mbele isirudi nyuma. Kinga ikiishambulia, milango hiyo huvimba, kisha hupata makovu. Kila mara mtoto anapopata koo la streptokoka tena, shambulio linaweza kurudi na kovu likaongezeka. Mwishowe mlango mmoja haufungi vizuri, au haufunguki vizuri, na moyo unafanya kazi maradufu kwa miaka, kimyakimya.

Hiyo kimyakimya ndiyo inayoniudhi. Katika kliniki ya wajawazito tulimpokea mama mmoja kijana, mimba yake ya kwanza, miezi sita. Alishindwa kupanda ngazi. Usiku alilala ameketi, akiegemea mito, kwa sababu akilala chali pumzi inakatika. Nyumbani walimwambia ni mimba tu, atazoea. Alipopimwa moyo kwa mashine ya picha, mlango mmoja ulikuwa umebana vibaya. Mama yake mzazi, aliyekuwa amemsindikiza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Alipokuwa darasa la tano aliugua magoti akashindwa kutembea wiki mbili. Tulimchua, akapona." Yule kijana alihamishiwa hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo. Alijifungua salama chini ya uangalizi wa madaktari wa moyo, lakini si kila mmoja anayefika mapema hivyo. Ujauzito huongeza damu mwilini, na moyo wenye mlango mbovu huzidiwa hapo. Wanawake wengi hugundua wana ugonjwa huu wakiwa wajawazito.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa wa moyo uletwao na homa hii, na kwamba karibu 360,000 hufa kila mwaka, wengi wao katika nchi kama zetu. Ulaya na Marekani ugonjwa huu ulikuwa mwingi zamani. Ulipungua watu walipoacha kulala wamebanana na penisilini ilipoanza kutumika. Mwaka 1950 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo kutoka kambi moja ya kijeshi jimboni Wyoming: askari walioumwa koo la streptokoka wakapewa penisilini walipata homa ya baridi yabisi kwa uchache sana kuliko wenzao ambao hawakupewa. Hiyo ni zaidi ya miaka 70 iliyopita, na dawa ni ile ile. Kwa hiyo mtoto wetu anapoharibika moyo siku hizi, si kwa kukosa ujuzi.

Utalijuaje koo hilo? Huanza ghafla. Mtoto ana homa, anashindwa kumeza hata uji, na mafindofindo yamevimba na kuwa mekundu, pengine yana madoa meupe ya usaha. Ukimgusa chini ya taya unakuta uvimbe unaouma. Na hana mafua. Akiwa na kamasi nyingi, kikohozi na sauti imekauka, yaelekea ni virusi, na hapo antibiotiki haisaidii kitu. Lakini dalili hizi hazitoshi kwa uhakika wote, ndiyo maana nasema mpeleke kituo cha afya aangaliwe. Usimnunulie vidonge viwili vitatu vya rangi kutoka dukani. Vidonge viwili vinapunguza maumivu na kumwacha kijidudu akiwa hai.

Akithibitishwa, atapewa penisilini au dawa ya jamii hiyo ya kumeza kwa siku 10, au sindano moja ya penisilini inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa. Ikiwa penisilini humdhuru, sema mapema, iko dawa nyingine. Siku ya tatu mtoto atakuwa anacheza, na wewe utashawishika kuacha dawa ili ibaki ya mdogo wake. Usiache. Hizo siku 10 zina sababu yake. Tena usikate tamaa ukichelewa kidogo: matibabu yakianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado yanaweza kuzuia homa ya baridi yabisi.

Na tafadhali, wale wanaompeleka mtoto akakatwe kimio, kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa kinywa, acheni. Kimio hakina kosa. Kukikata hakumwondoi streptokoka, na wembe ule unaweza kuleta kutokwa na damu nyingi, pepopunda na maambukizi mengine.

Ikiwa mtoto wako tayari amewahi kuugua homa ya baridi yabisi, dawa ya siku 10 haitoshi. Atahitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka. Ambaye moyo wake haukuguswa huchomwa kwa angalau miaka 5 au hadi afike miaka 21, kutegemea kipi ni kirefu. Aliyeharibika vali anaweza kuendelea hadi miaka 40. Daktari ndiye atakayepanga. Najua ni muda mrefu, na sindano yenyewe inauma, sitakudanganya. Nesi akiipasha moto dawa mkononi na kuisukuma polepole, maumivu hupungua. Mwombe. Baada ya sindano kaeni kituoni kama nusu saa, ili ikiwa mtoto atapata mzio asaidiwe hapo hapo.

Majirani zetu wa Uganda wametuonyesha faida yake. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa nchi hiyo, na matokeo yake kutolewa mwishoni mwa mwaka 2021, ulihusu watoto wa miaka 5 hadi 17 ambao picha ya moyo ilionyesha dalili za mwanzo kabisa, ingawa wao wenyewe hawakuhisi lolote. Baada ya miaka miwili, miongoni mwa waliochomwa sindano kila mwezi, chini ya mmoja kwa mia ndiye aliyezidiwa. Miongoni mwa wasiochomwa, walizidiwa wanane kwa mia.

Kuna mama aliyeniuliza, "Si basi tungoje tu, moyo ukiharibika afanyiwe upasuaji?" Upasuaji wa vali unafanywa hapa Kenya, katika hospitali chache kama Kenyatta jijini Nairobi na Tenwek kule Bomet. Lakini gharama ni kubwa na foleni ni ndefu. Anayewekewa vali ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Msichana anayetarajia kuolewa na kuzaa atakuwa na mengi ya kupanga na daktari wake kabla ya kushika mimba. Mwambie hivyo mapema, usiogope kumwambia.

Swali jingine ninaloulizwa sana ni la chanjo. Hadi leo hakuna chanjo ya streptokoka. Chanjo za kliniki ya watoto ni muhimu, lakini hii haimo. Inabaki kufungua madirisha, kutobananisha watoto kitandani panapowezekana, kunawa mikono, na kusafisha vidonda vya ngozi. Ndiyo, hata vidonda: streptokoka wa ngozi anaweza kuudhuru figo, mtoto akaamka amevimba uso na kukojoa mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Ukiona hivyo, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Mama mwenye mtoto wa shule anayeumwa koo asubuhi hii, mwangazie kinywani kwa tochi ya simu kabla hujamvalisha sare. Ukiona uwekundu na usaha, na hana mafua, shule itamngoja. Kituo cha afya hufunguliwa saa mbili.