Sababu gani flashi inakataa filme kubwa?



Siku ya posho sisi wa mwaka wa sita tulitaka kutia filme ya kwaya ndani ya flashi. Filme iko na jiga 5, na flashi iko na nafasi ya jiga 16. Kompyuta ikakataa! Mwenzetu akasema: «Imekufa, tufute yote.» Kumbe ndani mulikuwa masomo yetu yote ya egzamen ya Serikali. Tukamuzuia.

Flashi haikukufa. Kila flashi iko na daftari yake, pahali kompyuta inaandika jina na ukubwa wa kila fishie. Daftari ya flashi yetu ni FAT32, ya mwaka 1996. Ukubwa unaandikwa mule kwa biti 32 tu. Ni sawa karani mwenye nafasi ya tarakimu nne: akifika 9999, hawezi kuandika 10 000, hata kama depo iko wazi. Kwa biti 32 hesabu inaishia oktete 4 294 967 295, ni kusema karibu jiga 4.

Dawa iko: kupanga flashi upya kwa exFAT, ya mwaka 2006. Lakini kazi ile inafuta vyote, na kompyuta zingine za zamani hazisomi exFAT. Basi sisi tulikata filme vipande viwili. Vyote viliingia, na masomo yetu ingali salama.

Wandugu, mbele ya kufuta, muulize kwanza!