Mvutano, Mpindo na Metriki: Istilahi za Hisabati ya Einstein

Utangulizi

Kila istilahi hubeba nadharia, hata pale mtumiaji wake asipokusudia. Jambo hili huonekana wazi zaidi pale nadharia mpya inapoingia katika taaluma ambayo maneno yake yalikwisha kuzoewa. Katika makala haya tunakusudia kulieleza kwa kutumia mfano mmoja mgumu, nao ni hisabati ya nadharia ya uhusianifu wa jumla, ambayo Albert Einstein alikamilisha milinganyo yake na kuiwasilisha Berlin tarehe 25 Novemba 1915.

Huenda msomaji akauliza nadharia hiyo inamhusu nini mfasiri, mwalimu au mtumishi wa serikali. Jibu ni kwamba imekwisha kuingia ofisini. Mpima ardhi anayeweka mipaka ya viwanja kwa kutumia setilaiti hutegemea saa zilizorekebishwa kwa mujibu wa nadharia hiyo. Miongozo ya kazi yake itahitaji kufasiriwa, na mwanafunzi atauliza kwa nini saa ya juu haiendi sawa na saa ya chini. Tukimjibu kwa istilahi zisizofaa, tutakuwa tumempa nadharia ya Newton kwa jina la Einstein.

Mifano yetu mingi tumeichukua katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa. Sumbawanga iko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Mashariki yake ardhi hushuka ghafla kwenye ukingo uitwao Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa, lililo kwenye mita 800 hivi. Tofauti hiyo ya mita 1,000 itatufaa sana huko mbele.

Mvutano na graviti

Neno lililozoeleka kwa jambo linalofanya vitu vianguke ni “mvutano” au “uvutano”. Tulichambue. Mzizi ni -vut-, na kiambishi -an- huonyesha kutendana. Kwa hiyo vitu viwili vinavutana: Dunia inavuta jiwe, na jiwe nalo linavuta Dunia. Hivyo ndivyo Isaac Newton alivyofundisha mwaka 1687, na ni vigumu kupata neno linaloibeba nadharia yake vizuri kuliko hili. Kiambishi kimoja kimetaja sheria nzima.

Lakini uzuri huohuo ndio kikwazo tunapomfikia Einstein. Katika nadharia yake hakuna kinachovuta. Tuyatazame maji ya Mto Kalambo, kusini mwa Ufipa kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, yanapoporomoka zaidi ya mita 200. Kwa Newton, Dunia inayavuta maji. Kwa Einstein, tukiacha kando ukinzani wa hewa, maji yaangukayo hayapati msukumo wala mvuto wowote. Yanafuata njia yao iliyonyooka kuliko zote. Anayesukumwa ni mtazamaji aliyesimama juu ya mwamba, maana mwamba unamzuia asifuate njia kama hiyo.

Kwa sababu hiyo mfasiri aandikaye kwamba “Einstein alieleza mvutano kuwa si mvutano” atamchanganya msomaji bure. Tunapendekeza “graviti” liwe jina la jambo lenyewe, bila kusema linatokana na nini, na “kani ya uvutano” libaki kuwa jina la maelezo ya Newton. Neno la kukopa lina faida hapa: halina picha ndani yake, kwa hiyo halimwelekezi msomaji upande wowote kabla ya maelezo.

Nafasi na wakati

Einstein hakuzitenganisha nafasi na saa. Kila tukio lina namba nne: tatu za mahali na moja ya wakati. Wapo waandishi wanaouita mfumo huo “anga-wakati”. Tatizo ni kwamba anga, kwa msomaji wa kawaida, ni huko juu kwenye mawingu na nyota, ilhali jambo linalozungumzwa liko hata chini ya meza ya mwandishi. “Nafasi-wakati” linafaa zaidi.

Kiswahili chenyewe hakioni ajabu kuunganisha mambo haya mawili. Mtu asemaye “sina nafasi” mara nyingi humaanisha kwamba hana wakati. Kiambishi -po- katika “alipofika” chaweza kutaja mahali au wakati, nasi huelewa kwa muktadha. Mwalimu anaweza kuanzia hapo kabla hajaandika alama yoyote ubaoni.

Metriki

Tuchukue ramani ya barabara itokayo Sumbawanga kwenda Muze, bondeni Rukwa. Juu ya uwanda, sentimita moja ya ramani inakaribia kuwakilisha urefu halisi wa mwendo. Ramani inapofika Lyamba lya Mfipa, sentimita ileile inaficha mteremko. Penye mteremko wa digrii 45, kilomita moja ya ramani ni kilomita 1.4 kwa mwenda kwa miguu. Ramani peke yake haitoshi. Twahitaji kanuni ya kutuambia, kwa kila mahali na kwa kila mwelekeo, namna ya kugeuza tofauti za namba za ramani kuwa umbali wa kweli. Kanuni hiyo ndiyo “metriki”.

Namba za ramani zenyewe tunaziita “majiranukta”. Yafaa mfasiri azingatie tofauti hii: majiranukta ni majina tu tunayovipa vituo, bali metriki ndiyo yenye habari za ardhi. Katika nafasi-wakati metriki haipimi umbali tu, hupima pia muda ambao saa itahesabu kati ya tukio moja na jingine.

Mpindo si mkunjo

Hapa tunafikia istilahi iliyo kiini cha nadharia. Baadhi hupendelea “mkunjo”. Sisi tunaona kwamba neno hilo linapotosha, na kanga itatueleza sababu. Kanga ikikunjwa na kuwekwa kabatini, nyuzi zake hazikurefuka wala kufupika. Pembetatu iliyochorwa juu yake bado ina pembe zenye jumla ya digrii 180, na ikikunjuliwa hurudi ilivyokuwa. Lakini tujaribu kuilaza kanga hiyo juu ya boga bila kuacha finyo hata moja. Haiwezekani, maana uso wa boga una sifa isiyoondoshwa kwa kukunjua. Sifa hiyo ndiyo tunayoiita “mpindo”, na mtu anaweza kuigundua kwa kupima urefu na pembe juu ya uso wenyewe, bila kutoka nje kuutazama. Hilo lilionyeshwa na Carl Friedrich Gauss, na mwaka 1854 Bernhard Riemann akalipanua kwa nafasi zenye vipimo vingi.

Tufikirie sasa wasafiri wawili wanaoanza safari kwenye mstari wa ikweta, nchini Uganda, wakiwa wametengana kwa digrii moja ya longitudo, yaani kilomita 111 na theluthi hivi. Kila mmoja anaelekea kusini kabisa bila kugeuka kulia wala kushoto. Watakapofika latitudo ya Sumbawanga, nyuzi 8 hivi kusini, watakuwa wamekaribiana kwa zaidi ya kilomita moja. Hakuna kamba iliyowavuta. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja; kilichowakaribisha ni mpindo wa Dunia. Njia yao, iliyonyooka kuliko zote zinazowezekana juu ya uso uliopinda, inaitwa “jiodesi”.

Huo ndio moyo wa hoja ya Einstein. Tukiona vitu viwili vinakaribiana, hatulazimiki kusema vinavutana. Yawezekana kila kimoja kinafuata jiodesi yake katika nafasi-wakati iliyopinda.

Tensa na upatanisho

Einstein alitaka milinganyo itakayokuwa kweli kwa kila mpimaji, awe amechagua majiranukta yoyote. Rafiki yake Marcel Grossmann alimwelekeza kwenye hisabati iliyokuwa imejengwa na Gregorio Ricci na Tullio Levi-Civita. Chombo chake kikuu ni “tensa”.

Maelezo ya tensa huwashinda walimu wengi, lakini mjuzi wa Kiswahili anayo njia ya mkato. Tuitazame sentensi “Mti mrefu ule umeanguka.” Tukibadilisha nomino tukaweka “kiti”, hatubadilishi neno moja tu, tunasema “Kiti kirefu kile kimeanguka.” Viambishi vyote hubadilika kwa pamoja, kwa kanuni inayojulikana, na uhusiano wa maneno unabaki uleule. Tensa nayo ni kundi la namba zenye upatanisho. Tukibadilisha majiranukta, namba zote hubadilika kwa pamoja kwa kanuni maalumu, na mlinganyo uliokuwa kweli unabaki kweli.

Kutokana na hayo yafaa tuonye juu ya neno “uhusianifu”. Halina maana kwamba kila jambo ni kwa kadiri ya maoni ya mtu. Vipimo vya muda na urefu ndivyo vinavyohusiana na mpimaji. Sheria yenyewe ni moja kwa wote. Vilevile “wa jumla” hapa si jumla ya hesabu, bali ni kuenea kwa kila mpimaji, hata yule ambaye mwendo wake unabadilika.

Mlinganyo wenyewe

Baada ya maandalizi haya mlinganyo waweza kuandikwa:

Gμν + Λgμν = (8πG/c⁴) Tμν

Herufi ndogo μ na ν husimama badala ya vipimo vinne. Kwa hiyo kila tensa ni jedwali la namba 16. Lakini kwa kuwa namba zilizo pande mbili za mshazari hulingana, zinabaki 10 zilizo tofauti. Ndiyo sababu tunasema “milinganyo” kwa wingi. Upande wa kushoto, Gμν ni tensa ya mpindo, nayo hupatikana kutokana na metriki gμν. Λ ni kisobadilika alichokiongeza Einstein mwaka 1917. Upande wa kulia, Tμν ni tensa ya nishati na mwendo wa maada. G isiyo na herufi ndogo ni kisobadilika cha graviti kilichotoka kwa Newton, na c ni kasi ya mwanga.

Kwa maneno: maada na nishati huamua mpindo wa nafasi-wakati, na mpindo huamua njia za maada. Katika vizio vya kimataifa, namba iliyo kati ya pande hizo mbili ni desimali yenye sifuri 42 baada ya nukta ndipo ije tarakimu 2. Udogo huo unaeleza kwa nini Dunia nzima, pamoja na milima yake, inaipinda nafasi-wakati kidogo mno.

Ushahidi

Tarehe 29 Mei 1919 Jua lilipatwa. Arthur Eddington alikuwa kisiwani Principe, na kundi jingine lilikuwa Sobral, Brazili, kupima kama mwanga wa nyota hupinda karibu na Jua. Nadharia ya Einstein ilitabiri sekunde 1.75 za pembe, na hesabu za Newton zilitoa nusu yake. Matokeo yaliyotangazwa London tarehe 6 Novemba 1919 yalimuunga mkono Einstein. Kivuli hicho hakikuishia Principe. Kilivuka bara kupitia Kongo, kikapita kaskazini-mashariki ya Zambia ya leo, jirani na Ufipa kwa kusini, kikagusa ncha ya kaskazini ya Malawi, eneo ambalo sasa ni Tanzania, na Msumbiji, jua likielekea kuzama.

Ushahidi wa pili ni wa saa. Saa mbili zilizo sawa, moja Sumbawanga na nyingine ufukweni mwa Ziwa Rukwa, haziendi sawa. Ile ya juu hutangulia kwa sehemu 9 hivi za bilioni za sekunde kila siku. Zingeachana kwa sekunde moja baada ya miaka 290,000 hivi. Ni kidogo, lakini setilaiti za kuonyesha mahali ziko kilomita 20,200 juu, na saa zake, baada ya kuhesabu pia kasi yake, hutangulia zile za ardhini kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku. Katika muda huo mwanga husafiri zaidi ya kilomita 11. Bila marekebisho, hakuna mpaka wa kiwanja ungeaminika.

Muhtasari wa istilahi

Graviti: jambo linalofanya vitu vianguke, bila kutaja sababu.
Kani ya uvutano: maelezo ya Newton kuhusu graviti.
Nafasi-wakati: mfumo wa vipimo vinne, vitatu vya mahali na kimoja cha wakati.
Majiranukta: namba za kutambulisha kituo au tukio.
Metriki: kanuni ya kupata umbali na muda kutokana na majiranukta.
Mpindo: sifa ya uso au nafasi isiyoondoshwa kwa kukunjua.
Jiodesi: njia iliyonyooka kuliko zote katika nafasi iliyopinda.
Tensa: kundi la namba zinazobadilika kwa upatanisho majiranukta yakibadilika.
Kisobadilika: namba isiyobadilika katika mlinganyo.

Hitimisho

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mjadala wa kukopa au kubuni umerudiwa mara nyingi, kana kwamba jibu ni moja kwa maneno yote. Mfano huu unaonyesha vinginevyo. Pale mzizi wetu unapobeba picha sahihi, kama ulivyo katika “mpindo”, tuutumie bila kusita. Pale unapobeba picha ya nadharia nyingine, kama ulivyo katika “mvutano”, tukope. Na pale hakuna picha ya kawaida inayotosha, kama ilivyo kwa tensa, tukope jina kisha tulieleze kwa sarufi, vitu na ardhi anavyovijua msomaji. Mfasiri asianze kwa kuuliza neno gani linafanana na la kigeni. Aanze kwa kuuliza neno hilo linafanya kazi gani katika nadharia iliyo mbele yake.